Mbili Mara Tatu

Nilikwenda Jadida Jumatatu, jua la saa nne,
na futi kamba, na faili la kijani,
na kopo la rangi nyekundu ambalo kifuniko chake
hakifunguki ila kwa ncha ya ufunguo wa pikipiki.

Faili linasema: vyumba viwili, ukumbi, choo cha nje.
Lina muhuri. Pembeni limeliwa na mende.
Macho yangu yakasema: kuna cha tatu.
Kiko nyuma, kimebanwa na ukuta wa Shaame
kama mtu aliyechelewa safu ya Ijumaa
akajipenyeza.

Matofali bado mabichi, yana alama za vidole vya fundi.
Mabati sita: manne mapya,
mawili yana matundu ya misumari ya nyumba nyengine.
Mlango ni wa kabati.
Mwenyewe jina lake Mchanga, na mchanga wa ukuta
kaununua ndoo kwa ndoo.
Nao pia una kibali chake. Sikuuliza.

"Kibali kiko wapi, Bi Mchanga?"
"Cha nini?"
"Cha kuongeza chumba."
Akacheka, akajifuta mikono yenye tui.
"Raya kanirudia na watoto watatu na sanduku,
saa mbili usiku, mvua inanyesha.
Nimwambie, mwanangu, ngoja hapo kizingitini,
mama ende Baraza la Mji akachukue fomu?"

Nikavuta futi kamba. Sheria inataka futi tano
toka ukutani hadi mpakani. Bi Mchanga kaacha mbili.
"Futi tano nipitishe nini? Mie mwembamba,
na Shaame sahani ya futari hunipa hapo hapo."
"Na gari la zimamoto?"
"Hilo hata njia kuu halijapata kufika."

Sikumwambia habari za mtaa wa pili,
masika ya mwaka juzi, ukuta usio nondo
ulivyolala juu ya godoro.
Kijana alikuwa ameamka kwenda msalani.
Sheria hii haikutungwa na mwenye roho mbaya.
Ilitungwa na mtu aliyewahi kuona godoro kama lile.
Nikaugonga ukuta kwa fundo la kidole.
Ukaitika kwa sauti ya chungu chenye ufa.

Wala sikumwambia kwamba fomu ni bure
ila mchoro unaoambatana na fomu si bure,
kwamba anayechora hutaka zaidi ya anayejenga,
na hutaka kabla.
Hayo anayajua. Jadida nzima inayajua.

Akaniletea chai na mkate wa kumimina.
Nikasema nimefunga.
Ilikuwa Jumatatu, uongo ukakaa vizuri.
Kisha nikachora X, mkono mzima,
rangi ikachuruzika kwenye tofali,
na chini yake nikaandika: SIKU 14.

Siku ya kumi na nne ni Jumatatu pia.
Ukuta uko pale pale.
Nguzo mbili za mvinje zimeuegemea,
au wenyewe ndio ulioziegemea, sikuelewa.
Na mtoto wa kati wa Raya, wa darasa la pili,
kaiona X yangu, kaisoma "mara".
Kushoto kwake kaandika 2, kwa mkaa.
Kulia, 3.
Mbele yake vijistari viwili vya sawasawa, visivyo sawa,
na jawabu: 5.

Nikatabasamu. Mbili mara tatu ni sita.
Halafu nikazitazama kandambili mlangoni:
za Bi Mchanga, za Raya,
tatu ndogo, moja imeshonwa kwa waya.
Jozi tano.

"Na leo umefunga?"
Bi Mchanga, birika mkononi.

Kopo lilikuwa wazi, brashi inatona.
Nikasimama mbele ya hesabu ile
kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni,
sijui pa kutia vema
na pa kutia kosa.